Vidonge vya Theodosia

Morogoro, 9 Oktoba 1994

Dada Kunegunda,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa tunaendelea. Eric yuko kwenye mitihani ya kidato cha nne na hali chakula vizuri, anasema tumbo limejaa historia. Nimesikia kwa watu wa basi kwamba huko wanunuzi wa mahindi siku hizi wanakuja na malori yao mpaka shambani. Niambie kama ni kweli.

Nakuandikia kwa jambo moja. Kiwanda chetu kimepata wenye mali wapya na wametupima afya wafanyakazi wote, wakitaka kujua wamenunua nini. Mashine zimepimwa wiki moja, watu wiki iliyofuata. Daktari aliyenipima ni mama wa makamo, mtu wa Bukoba. Aliniuliza hedhi ilikoma lini. Nikamwambia. Kisha akauliza mama yangu alikufa na nini. Nikasema alianguka. Akasema, "Mama, kuanguka ni mwisho wa habari. Mimi nakuuliza mwanzo wake."

Dada, nikamwambia nitakuuliza wewe. Wakati ule nilikuwa huku, wewe ndiye uliyekuwa naye.

Alinieleza kwamba mwanamke akiwa bado anaona siku zake, moyo wake una kinga fulani. Zikikoma, kinga inapungua, na presha inaweza kupanda mwaka hadi mwaka bila kuuma popote. Ndiyo maana wanataka wanawake wa umri wetu wapimwe hata kama wanajiona wazima, hasa kama kwao kuna mtu aliyekufa ghafla.

Kwa hiyo naomba unijibu mambo mawili. Mama alianza kuumwa lini, na aliumwa wapi? Na wewe, umewahi kupimwa?

Mdogo wako,
Leticia


Mpitimbi, 20 Novemba 1994

Mdogo wangu Leticia,

Marahaba. Barua yako imefika nikiwa natayarisha mbegu. Mvua imeanza kwa kusitasita, lakini nimepanda upande wa bondeni. Malori ni kweli. Wanakuja hata kabla mahindi hayajakauka na mizani yao wenyewe, na kila mtu ana maoni yake kuhusu mizani hiyo.

Imaculata wangu sasa yuko karibu. Mume wake, Osmund, amehamishiwa zahanati yetu tangu Agosti, ndiye mganga. Wanakaa nyumba ya nyuma. Watu wanamsifu, anasikiliza na hana haraka. Muuguzi aliyekuwepo amehamishwa na hajaletwa mwingine, kwa hiyo kila kitu anafanya peke yake, hata kufagia.

Kuhusu Mama, alikufa kama nilivyokuandikia mwaka ule.

Mimi ni mzima. Ni uchovu wa msimu tu. Siku hizi nikitoka kisimani natua ndoo kwa Theodosia, tunapiga soga, halafu naendelea. Anakusalimu sana, anauliza kama bado unaogopa nyoka. Na jino fulani linanisumbua, taya lote huuma nikipandisha mlima, nikikaa linaacha.

Daktari wako alikukuta na nini? Umeandika barua ndefu na hilo hukuliandika.

Ni dada yako,
Kunegunda


Morogoro, 14 Desemba 1994

Dada,

Shikamoo. Heri ya Noeli kwenu nyote. Nimempa kondakta kifurushi: vitenge viwili na miwani ya kusomea. Eric amemaliza, sasa analala mpaka saa nne na hakuna wa kumwambia kitu.

Dada, jino haliumi kwa sababu ya mlima. Nilirudi kwa yule daktari nikamsomea maneno yako kama ulivyoyaandika. Aliweka kalamu chini. Alisema watu wanangoja moyo uume kifuani, kushoto, kama wanavyosikia kwa wanaume. Kwa wanawake mara nyingi huja kwa njia nyingine: taya, mgongo katikati ya mabega, pumzi kukata kwa kazi ambayo zamani haikukata pumzi, uchovu usioondoka hata ukilala. Na ukiuma unapofanya kazi na kuacha unapopumzika, hiyo si ya kungoja.

Na una bahati ambayo wengine hawana. Mganga ni mkwe wako mwenyewe! Hupangi foleni, huombi gari. Kesho asubuhi nenda kwa Osmund, akupime presha na akusikilize moyo. Ni jambo la muda mfupi.

Mimi sijambo. Walinipa ushauri wa kawaida.

Wako,
Leticia


Mpitimbi, 29 Januari 1995

Mdogo wangu Leticia,

Marahaba, na asante kwa kifurushi. Kitenge cha bluu nimempa Theodosia, alikitazama kabla sijasema kitu. Miwani inafaa. Palizi imeanza, magugu ni mengi kuliko mahindi.

Umekaa mjini mno. Unaandika "nenda kwa Osmund" kama unayenituma dukani. Umesahau mimi kwake ni nani? Tangu amwoe Imaculata hatujawahi kukaa kwenye chumba kimoja. Nikimwona anakuja njiani naingia kwenye mahindi, na yeye akiniona anaingia. Juzi tuliingia wote wawili kwa wakati mmoja, yeye upande wake na mimi upande wangu, njia ikabaki wazi, mbuzi wa mzee Daimu akapita katikati kama mkuu wa wilaya. Imaculata alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa mtu huyo ndiye anifunue mkono, aweke masikio yake kifuani kwangu, aniulize hedhi yangu ilikoma lini? Nitamtazama wapi baada ya hapo? Na yeye atamtazamaje mke wake?

Hospitali ya Peramiho ningeweza kwenda, lakini ni lazima kwanza uende Songea mjini, ulale kwa watu, ndipo upate gari la pili. Siwezi kuacha shamba wakati huu.

Ila usiwe na wasiwasi. Mimi na Theodosia tumepata njia yetu. Yeye amepimwa, na dalili zake na zangu ni zilezile. Tunaendelea vizuri.

Kunegunda


Morogoro, 21 Februari 1995

Dada,

Shikamoo. Njia gani? Niandikie upesi.

Naomba msamaha kuhusu Osmund. Nilisahau kweli.

Leticia


Morogoro, 2 Aprili 1995

Dada Kunegunda,

Shikamoo. Sijapata jibu. Redio imesema mvua za huko ni kubwa na magari yamekwama, najiambia ndiyo sababu. Nimeulizia kituoni kila basi la Songea. Mtu mmoja wa Mpitimbi alisema amekuona kanisani siku ya Majivu, mwingine alisema hakukuona. Nimewaamini wote wawili kwa zamu.

Siku hizi ukiandika, tumia sanduku la parokia lililo nyuma ya bahasha hii, lile la kiwandani liache.

Eric amepata kazi ya muda kwenye duka la vipuri. Mimi niko nyumbani zaidi, nimeotesha mchicha.

Nimemwandikia pia Imaculata. Usinikasirikie.

Leticia


Mpitimbi, 7 Mei 1995

Mdogo wangu Leticia,

Marahaba mara mbili, kwa sababu barua zako zote mbili nimezipata siku moja. Daraja lilikatika, mfuko wa posta ukakaa Songea. Ya Imaculata ilikuwa humohumo. Sikukasirika.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani kwa amri. Nilianguka shambani wiki ya Pasaka. Nitakueleza yote kama yalivyokwenda ili usiyasikie kwa watu wa basi.

Theodosia alipimwa mwezi wa kumi na mbili. Presha yake ilikuwa juu, Osmund akampa vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Tukakaa jikoni kwake tukajilinganisha. Yeye anachoka, mimi nachoka. Yeye usingizi hana, mimi sina. Tulizaliwa msimu mmoja, Padri alitubatiza siku moja, na mambo ya mwezi yalituacha mwaka mmoja. Tukaona hakuna tofauti. Yeye akawa anameza cha asubuhi, mimi cha jioni. Hatukuona kosa. Tangu utoto hatujawahi kupika kitu ambacho mwenzake hakuonja.

Kila mwezi akienda kupimwa, presha iko palepale. Osmund akamuuliza kama anameza dawa. Akajibu kwamba vidonge vinaisha vyote, na hilo lilikuwa kweli. Osmund akaanza kushuku dawa, akaandika mpaka wilayani kuuliza kama shehena ile imeharibika. Hakujibiwa. Mwezi wa tatu akaongeza: viwili asubuhi, viwili jioni. Basi na mimi nikawa nameza viwili.

Siku hiyo nilikwenda kung'oa maharage bila kula. Niliinama, nikainuka, shamba likazunguka. Nilipofumbua macho niliona miguu ya watu.

Walinibeba kwa kitanda. Osmund alitoka mlangoni, akaona ni mimi, akarudi ndani mbio. Watu wakasema amekimbia. Kumbe alikuwa anamwita Imaculata. Akasimama nyuma ya mlango na kuuliza kutoka huko, "Mama amekula? Amemeza dawa yoyote?" Imaculata akanitazama, mimi nikatazama dari.

Theodosia ndiye aliyesema. "Baba, si ulikuwa unaniuliza kwa nini dawa yako haifanyi kazi? Inafanya. Ila nusu iko tumboni kwa mkweo."

Imaculata anasema hajawahi kumwona mume wake akitaka kucheka na kutaka kulia kwa uso mmoja. Alituambia, bado yuko nyuma ya mlango, kwamba Theodosia angeweza kupooza kwa kukosa nusu ile, na mimi ningeweza kufa kwa kumeza kipimo cha mtu mwingine. Wawili wakichoka namna moja haimaanishi mioyo yao inafanana. Hakupaza sauti. Theodosia hakufanya mzaha tena siku ile.

Halafu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimfundisha Imaculata kupima. Walikaa jioni nyumbani kwao wakipimana wao kwa wao mpaka namba zikalingana. Sasa kila Jumatano Imaculata ananifunga kile kitambaa mkononi, ndani. Osmund anakaa nje barazani, ametupa mgongo. Imaculata anasoma namba kwa sauti, yeye anaandika. Mara ya kwanza ilikuwa mia moja na tisini juu, mia moja na kumi na tano chini. Osmund akaziandika. Kisha akamuuliza mke wake amuulize mama yake kama taya bado linauma mlimani. Nikasema ndiyo. Sasa nina vidonge vyangu mwenyewe, tofauti na vya Theodosia, na barua ya kwenda Peramiho nikipata nguvu.

Uliniuliza habari za Mama. Nakujibu leo.

Alianza kuchoka kabla ya mavuno, mwezi mzima na zaidi. Alisema mgongo unauma huku juu, katikati ya mabega. Nilimkanda kwa maji ya moto. Alisema taya. Tukatafuta jino bovu, halikuwepo. Usiku alikuwa analala amekaa, ameegemea gunia, kwa sababu akilala chali pumzi inampotea. Chakula kilikuwa kinamtia kichefuchefu. Asubuhi ile aliomba maji. Nilipogeuka na kata, alikuwa ameegemea ukuta na macho yake yako wazi. Hakuanguka, Leticia. Nilikuandikia "ameanguka" kwa sababu ilikuwa simu ya maandishi, na neno hilo lilitosha.

Sikukujibu mwaka jana kwa sababu nilikaa nikaanza kuandika aliumwa wapi, na nikaona naandika habari zangu. Mwezi wa nane nafikisha umri aliokufa nao. Nilikuwa naogopa. Nilidhani nikinyamaza mpaka mwezi wa nane upite, litakuwa limepita.

Sasa na wewe. Bahasha zako mbili hazina muhuri wa kiwanda, unaotesha mchicha siku za kazi, na daktari wako tangu Oktoba hajakukuta na kitu chochote. Niandikie.

Dada yako,
Kunegunda


Morogoro, 28 Mei 1995

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye benchi la parokia. Katekista alipita akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, dada yangu yuko hai.

Nilipunguzwa kazi Februari, pamoja na karibu wote wa idara ya kusokota. Wametupa karatasi na kutushukuru kwa miaka yetu. Sikukuandikia kwa sababu ungesema nirudi nyumbani, na mimi ningetaka kurudi, na Eric bado hajasimama.

Presha yangu ilikuwa mia moja na sabini kwa mia moja na tano. Ndiyo namba niliyoikuta siku ileile nilipokuandikia barua ya kwanza. Niliiona nikaogopa, nikaona ni rahisi kukuuliza yako. Nameza dawa kila asubuhi. Kuna mwezi niliacha kwa sababu nilijisikia vizuri, ikapanda tena, daktari akanigombeza kama mtoto. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa yenyewe, alisema, si ruhusa ya kuacha. Sasa sijaacha. Chumvi nimepunguza mpaka Eric analeta yake mfukoni. Jioni natembea mpaka mtoni na kurudi.

Habari za Mama nimempelekea daktari kwa maneno yako. Alisoma mpaka mwisho. Akasema huo ni moyo, hana shaka, na kwamba sisi wawili tusipimwe tena kama watu ambao mama yao alianguka. Ameandika upya kwenye kadi yangu.

Dada, umekaa na asubuhi ile peke yako miaka ishirini na minne. Ungenipa nusu. Hiyo ndiyo ilikuwa ya kugawana, vidonge mviache.

Nenda Peramiho. Wale samaki wa Nyasa wa chumvi unaowapenda, waloweke usiku kucha na umwage maji, au waache. Na mwezi wa nane nitaomba Misa hapa. Iwe ya shukrani, nimeshamwambia Padri.

Wako,
Leticia


Mpitimbi, 27 Agosti 1995

Mdogo wangu Leticia,

Marahaba. Mahindi yameingia ghalani. Mwaka huu nimevuna kwa kupumzika pumzika, na kumbe yanaingia vilevile. Samaki nimewaloweka kama ulivyosema. Ladha imebaki kidogo, ya kumkumbusha mtu kwamba aliwahi kuwa samaki.

Mwezi wa sita nilikwenda Peramiho, Theodosia akanisindikiza. Daktari alikuwa Sista, nikafunua kifua bila shida. Walinifunga nyaya, mashine ikachora milima kwenye karatasi. Moyo umetanuka kiasi kwa kusukuma miaka mingi dhidi ya presha, na mishipa yake haipitishi damu vizuri nikijilazimisha. Ila unapiga vizuri. Nimeongezewa kidonge kingine, na kimoja cha kuweka chini ya ulimi taya likianza. Nimekitumia mara moja tu. Ndoo kubwa imekatazwa, nachota kwa dumu dogo mara mbili. Nikamuuliza Sista nimeze hizi dawa mpaka lini. Akasema mpaka utakapokufa kwa ugonjwa mwingine. Theodosia alicheka mpaka wakamwomba akangoje nje.

Umri wa Mama nimeufikisha tarehe kumi na nne. Niliamka, nikawasha moto, nikameza dawa, nikaenda kuchambua maharage. Jioni nikalala. Sina zaidi ya kueleza.

Kuhusu kurudi, sikuambii rudi. Chumba cha upande wa ghala nimekipaka udongo mpya. Ukitaka kukitumia kipo, na Eric akisimama njoo nayo presha yako, mashine ipo.

Sasa habari ya Jumatano. Siku hizi tuko wengi. Wanawake wa jumuiya yetu na ile ya ng'ambo ya mto, wote waliokwisha kukoma hedhi, wanakuja kupimwa siku hiyo, na kila mmoja ana kopo lake la vidonge lenye jina. Wengine Osmund anawapima mwenyewe, mimi ananipima Imaculata. Wiki iliyopita Imaculata hakuwepo. Shangazi ya Osmund alifariki kule Hanga. Osmund alikwenda kuzika akarudi kazini, mke wake akabaki kukaa msibani na wanawake.

Nikamwambia Theodosia kwamba nitaruka wiki hiyo moja. Akasema, "Ruka. Sisi tutakuja kuimba." Alisema huku anatazama mbele, si kwa mzaha.

Nilizunguka nyuma ya zahanati, kwenye dirisha la chumba cha kupimia. Nikajitanda khanga mpaka kwenye kiwiko, nikasimama nimeelekea shambani ambako hakuna kitu sasa ila mabua. Nikaingiza mkono ndani.

Kiti kilisogezwa. Kitambaa kikafungwa, kikajaa upepo, kikalegea. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani, "Mia moja arobaini na mbili, tisini. Imeshuka, Mama."

Nikasema, "Asante, Baba." Nikatoa mkono wangu, nikaenda nyumbani kwa njia ya bondeni.

Imaculata amerudi juzi. Sijamwambia. Na nimemchunguza, naona Osmund naye hajamwambia.

Dada yako,
Kunegunda